Uso wa Kumi na Saba

Walimlaza Aune ndani ya mtambo wa sumaku, hospitali ya Oulu,
mwezi wa pili, baridi nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Walimvua pete, hereni, pini ya nywele,
wakamwachia kitufe kimoja kila mkono:
kulia, furaha; kushoto, hasira;
na uso ukiwa hauna neno, usibonyeze kitu.

Mimi nilikaa koridoni na kahawa ya mashine,
nikiusikiliza mtambo ukigonga, ukigonga,
kama fundi anayetafuta bomba lililoziba ukutani.

Baadaye Daktari Lehtovaara, kijana, kucha zimetafunwa,
alinifungulia picha. Ubongo wa mke wangu, rangi ya majivu,
umekatwa vipande kama mkate wa shayiri.
Nilitaka kutazama pembeni. Miaka thelathini ya ndoa,
sikuwahi kumwona uchi namna ile.

"Hapa," akasema, "kila upande, ndani, usawa wa masikio,
kuna kitu mfano wa lozi. Kazi yake kupiga yowe:
hatari, hatari, amka.
Na huku, nyuma ya paji, wapo wa kuitikia:
tulia, ni upepo tu.
Kwa Aune, lozi inapiga yowe
na jibu linafika limechelewa, au halifiki."

Sisi tulisema moyo. Moyo mzito, moyo umevunjika,
jipe moyo, Aune, jipe moyo.
Nilimwambia hivyo majira ya baridi kumi na moja,
na kumbe siku zote
nilikuwa nabisha mlango wa jirani.

Nikamwambia daktari: naelewa. Mimi naendesha gari la kuondoa theluji.
Njia niipitayo kila alfajiri hubaki wazi;
nisiyoipita, wiki mbili tu, hutajua palikuwa na njia.
Ya huzuni, kwake, iko wazi mpaka lami inaonekana.
Ya furaha ipo, imefukiwa,
vichwa vya nguzo tu ndivyo vinavyochungulia.
Akatabasamu. "Si hivyo hasa. Wala hatujui yote.
Lakini ichukue hiyo, kwa leo."

Kisha akanionyesha zile nyuso.
Wa kumi na saba: mwanamume, hamsini hivi, midomo imefumbwa,
hana furaha, hana ghadhabu, labda anangoja basi.
Aune alibonyeza kushoto.
Wa ishirini na mbili, kushoto. Wa thelathini, kushoto.
Kila uso usio na neno, yeye aliusoma tusi.

Nikaomba nirudishiwe wa kumi na saba.
Ndevu hapana, lakini taya lile, kope zile nzito,
midomo ile ya watu wa kwetu, iliyofumbwa ili joto lisitoke.
Ndio uso ninaoingia nao nyumbani saa nne asubuhi
baada ya kusukuma theluji tangu saa nane usiku.
Nilidhani ni uso wa mtu aliyechoka.
Miaka kumi na moja nilimgombeza mke wangu
bila kufungua kinywa.

Wamemwanzishia dawa, na kiti mbele ya taa nyeupe kila asubuhi,
na mazungumzo kila Alhamisi. Wiki ya tatu, hakuna kitu.
Wiki ya tano alikula samaki wote wawili.
Wiki ya sita alilia tena, siku mbili mfululizo.
Sisemi amepona.

Na mimi nina dawa yangu, haijaandikwa popote.
Nikifika mlangoni, kabla ya kupangusa barafu kwenye nyusi,
nautafsiri uso wangu kwa sauti, kama mpumbavu:
"Aune. Sijakasirika. Ni baridi tu. Na nina njaa."
Ananitazama. Sekunde tatu, nne.
Naona vidole vyake vikisita mapajani,
cha kushoto, cha kulia,
kisha vyote viwili vinatulia.

"Vua viatu," anasema. "Unanilowanishia sakafu."